Ruta ya Kondele na ya Maseno: jinsi ya kuzifanya ziulizane nywila kabla ya kuaminiana

Simu ya kwanza ilitoka Maseno saa nne kasorobo asubuhi. "Fundi, WhatsApp inaingia vizuri, lakini ya benki inazunguka tu." Ya pili ikatoka duka la jirani yake, na mambo yalikuwa kinyume: benki inafunguka, barua pepe imekwama. Sisi tuliokaa ofisini Kondele, Kisumu, hatukuona shida yoyote. Nikadhani ni kompyuta zao, nikawaambia wazime na kuwasha. Nilikosea, na kosa hilo liliwagharimu karibu saa mbili.

Hatimaye nikaingia kwenye ruta ya Maseno, kifaa kinachoelekeza data njia ya kupita, na kuiuliza majirani zake ni akina nani. Inapaswa kuwa na jirani mmoja, yaani ruta yetu ya Kondele. Walikuwapo wawili. Huyo wa pili alikuwa ruta yetu wenyewe, ile kuukuu iliyokuwa stoo, ambayo kijana wa mafunzo alikuwa ameichomeka kwenye swichi ile ile inapopokelewa laini ya Maseno. "Bosi, nilitaka tu kuona kama inawaka," akasema. Iliwaka kweli. Ikapaza sauti, "Intaneti iko kwangu," kwa sababu mipangilio yake ya zamani ilikuwa na `default-information originate always`, amri ya kujitangaza kuwa mlango wa nje hata kama mlango haupo, na laini yake ya nje ilikuwa imekatwa zamani. Ruta ya Maseno ikaamini. Ikawa na njia mbili za kutokea nje zenye gharama sawa, ikagawanya safari kati ya mlango wa kweli na ukuta. Mgawanyo huo hufuata anwani ya anayetuma na ya anayepokea, ndiyo maana benki ilimfungukia huyu ikamkatalia yule.

Kinga yake ni nywila kati ya ruta na ruta. Nimeiandika hapa kama ninavyoifanya, kwa itifaki ya OSPF, lugha ambayo ruta huitumia kuambiana njia za mtandao, kwenye ruta mbili za Cisco, na mwishoni nitagusa MikroTik kwa sababu huku kwetu nyingi za pembezoni ni hizo.

OSPF humwamini nani?

Kwa kawaida humwamini karibu kila mtu. Ruta hutuma salamu kila baada ya sekunde 10 kwa anwani 224.0.0.5, na yeyote aliye kwenye laini hiyo akijibu huku namba ya eneo (kundi la ruta), muda wa salamu, muda wa kusubiri na ukubwa wa mtandao vikilingana, basi ni jirani. Asipomsikia kwa sekunde 40, humfuta. Hizo sekunde 40 zishike, zitatufaa baadaye.

Kuna aina tatu za uthibitisho katika OSPF ya toleo la 2. Aina 0 ni kutouliza chochote, na ndiyo inayokuja na ruta. Aina 1 ni nywila ya wazi isiyozidi herufi 8, inayosafiri ndani ya kila pakiti (kifurushi cha data) bila kufichwa. Mwenye laptopu na programu ya kunusa pakiti ataisoma kama gazeti. Aina 1 ingetosha kuizuia ruta yangu ya stoo, lakini si mtu mwenye nia mbaya, kwa hiyo sioni sababu ya kuitumia. Aina 2 ndiyo tunayoitaka. Hapo nywila yenyewe haisafiri. Ruta huchukua pakiti, huichanganya na nywila, hukokotoa saini na kuiambatisha mwishoni. Jirani hukokotoa upande wake, na saini zisipolingana pakiti hutupwa. Kuna pia namba ya mfululizo ili mtu asirekodi pakiti ya jana na kuirusha leo.

Jambo moja linalochanganya wengi: hii haifichi data ya wateja. Inathibitisha tu kwamba anayekupa habari za njia ni yule unayemjua. Ukitaka kuficha data yenyewe, hiyo ni kazi ya IPsec au WireGuard.

Kabla ya kugusa chochote

Mfano wetu uko hivi. Kondele ni 10.10.12.1 na Maseno ni 10.10.12.2, zote kwenye mtandao mdogo wa /29, eneo 0, na kila moja imeunganishwa kupitia GigabitEthernet0/1. Nyuma ya Kondele kuna 192.168.10.0/24, ofisi yetu. Nyuma ya Maseno kuna 192.168.20.0/24, wateja.

Kwanza hakikisha ujirani uliopo ni mzima:

    show ip ospf neighbor

Hali iwe FULL, yaani ujirani umekamilika. Kama imekwama EXSTART au EXCHANGE, simama hapo. Mara nyingi ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) isiyolingana kati ya pande mbili, na ukiongeza nywila juu ya tatizo hilo utatafuta mchawi usiku kucha.

Kisha hifadhi mipangilio ya pande zote mbili kwa `copy running-config startup-config`, na uweke nakala kwenye laptopu.

Nywila yenyewe usiitunge kichwani. Kwa MD5, hesabu ya saini tutakayoitumia kwenye aina 2, Cisco hupokea herufi zisizozidi 16. Kwenye laptopu ya Linux amri hii hutoa herufi 16 barabara, tarakimu na herufi a hadi f tu, hakuna alama za kukusumbua:

    openssl rand -hex 8

Epuka alama ya kuuliza kwenye nywila, kwa sababu ukiiandika kwenye Cisco itakufungulia orodha ya msaada. Na ukinakili nywila kutoka kwenye ujumbe, tazama usibebe nafasi tupu mwishoni. Ruta huihesabu kuwa herufi, na wewe huioni. Nimeona watu wazima wakigombana kwenye simu, kila mmoja akiapa amebandika ile ile, na kweli ilikuwa ile ile isipokuwa mkia.

Ingia ruta ya mbali kwa mlango usiotegemea OSPF

Hapa ndipo watu hupanda matatu. Mimi nilipanda, mara yangu ya kwanza kuweka nywila hizi: kutoka stendi ya Kisumu hadi Maseno, mvua ya alasiri ikipiga, kebo ya konsoli, ile ya kuchomeka laptopu kwenye ruta yenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki.

Nilikuwa nimekaa ofisini, laptopu yangu ikiwa na anwani ya 192.168.10.x, nikaingia moja kwa moja ruta ya Maseno na kuwasha uthibitisho huko. Baada ya nusu dakika hivi skrini ikaganda. Maseno haikuwa imezima. Ilikuwa imemfuta jirani yake wa Kondele, na pamoja naye ikafuta njia ya kurudi 192.168.10.0/24, ambayo iliijua kwa OSPF tu. Majibu yake kwa laptopu yangu yakakosa pa kwenda.

Njia salama ni ya kurukia. Ingia kwanza ruta ya Kondele, na kutoka ndani yake uingie Maseno kwa anwani ya laini yenyewe:

    ssh -l fundi 10.10.12.2

Sasa Maseno inazungumza na 10.10.12.1, anwani iliyo kwenye waya ule ule. Njia ya kwenda huko haikufunzwa na OSPF. Imo kwenye ruta kwa sababu porti iko juu. Hata ujirani ukifa, wewe bado umo ndani. Angalia tu kwamba Kondele haina `ip ssh source-interface` inayoilazimisha kutumia anwani nyingine, na kwamba Maseno inaruhusu 10.10.12.1 kuingia.

Juu ya hilo, weka kamba ya kujiokoa kwenye ruta ya mbali:

    reload in 15

Ukijifungia nje, baada ya dakika 15 itajizima na kuwaka na mipangilio ya zamani iliyohifadhiwa. Ndiyo sababu tulihifadhi mwanzoni, na ndiyo sababu usihifadhi tena mpaka kazi iishe. Ukifanya kazi hii mchana, wateja watakatika zaidi ruta ikijiwasha upya kuliko kama ungeteleza dakika moja, kwa hiyo mimi huifanya usiku.

Kuweka ufunguo, kisha kuwasha

Ninaitenganisha kazi hii mara mbili. Ufunguo, yaani nywila pamoja na namba yake, ukiwekwa bila kuwasha uthibitisho haufanyi chochote, unakaa tu ukingoja. Kwa hiyo unaweza kuuweka pande zote mbili bila haraka, ukinywa chai. Anza Maseno:

    configure terminal
    interface GigabitEthernet0/1
    ip ospf message-digest-key 1 md5 NYWILA-YAKO
    end

Fungua dirisha la pili, ingia Kondele, andika mistari hiyo hiyo. Namba 1 hapo ni namba ya ufunguo, na lazima ilingane pande zote. Nywila sahihi chini ya namba tofauti ni sawa na kutokuwa na nywila. Linganisha kwa macho kwa `show running-config interface GigabitEthernet0/1` kwenye kila dirisha.

Sasa kuwasha. Andika amri kwenye madirisha yote mawili, usibonyeze Enter bado ule mstari wa mwisho:

    configure terminal
    interface GigabitEthernet0/1
    ip ospf authentication message-digest

Bonyeza Enter Maseno. Nenda dirisha la Kondele, bonyeza Enter. Kati ya hapo salamu zilikuwa zikitupwa kwa kutolingana, lakini saa ya sekunde 40 ilikuwa bado inahesabu. Ukiwahi, ujirani haukatiki kabisa na hakuna mteja anayejua ulikuwapo. Mimi huchukua sekunde tatu.

Kuna njia nyingine ya kuwasha uthibitisho kwa eneo zima kwa mkupuo, `area 0 authentication message-digest` chini ya `router ospf`. Inafaa kwenye mtandao mpya. Kwenye mtandao unaofanya kazi ina hatari, kwa sababu itaigusa kila porti ya ruta iliyo eneo 0, pamoja na ile uliyoisahau. Heri porti moja moja.

Je, imeshika?

    show ip ospf interface GigabitEthernet0/1

Shuka hadi mistari ya mwisho. Itakuambia uthibitisho umewashwa na ufunguo mpya zaidi ni namba 1. Halafu rudia `show ip ospf neighbor`, usubiri dakika nzima, urudie tena. FULL ya sekunde ya tano haina maana, inaweza kuwa ya kabla ya saa kuisha. FULL baada ya dakika moja ni ya kweli.

Ikiridhisha, pande zote mbili:

    copy running-config startup-config

na Maseno:

    reload cancel

Usisahau huo wa mwisho. Hifadhi pande zote kwa pamoja pia, kwa sababu stima ya Maseno ikikatika usiku huo, nayo huwa inakatika mawingu yakianza kupasuka huko milimani, ruta itaamka bila ufunguo ilhali Kondele inaudai. Asubuhi utadhani umeibiwa laini.

Ikikataa

Washa maelezo kwenye ruta unayoiamini:

    terminal monitor
    debug ip ospf adj

Ukiona `Mismatch Authentication type. Input packet specified type 0, we use type 2`, upande wa pili haujawasha, au umewasha kwenye porti isiyo yake. Aina 1 ikitajwa, mwenzako aliandika `ip ospf authentication` akasahau neno `message-digest`. Kosa hili ni la kawaida mno.

Ikilalamikia ufunguo badala ya aina, basi pande zote zimewasha lakini namba ya ufunguo au nywila haziendani. Usikodolee macho. Futa kwa `no ip ospf message-digest-key 1` pande zote, na uandike upya kwa mkono, si kwa kubandika. Ukimaliza zima kwa `undebug all`, maana ruta ndogo ikiachwa ikijieleza usiku kucha inachoka.

Na kama debug haitoi chochote kuhusu uthibitisho, tatizo liko kwingine. Jaribu ping 10.10.12.1 kutoka Maseno. Isipofika, acha nywila, nenda ukaangalie laini.

Upande mmoja ukiwa MikroTik

OSPF ni lugha moja, haijali kiwanda. Kwenye RouterOS 7, mfumo wa MikroTik, bonyeza Ctrl+X kwanza ili kuingia hali salama. Ukikatika kabla ya kuitoka, mabadiliko hurudi yenyewe. Huo ni ustaarabu ambao ningependa kila ruta iwe nao. Kisha:

    /routing ospf interface-template print
    /routing ospf interface-template set 0 auth=md5 auth-id=1 auth-key=NYWILA-YAKO

Namba 0 ni ya mstari ulioonyeshwa na print, usiichanganye na auth-id ambayo ndiyo namba ya ufunguo. Hapa hakuna kutenganisha kuweka na kuwasha kama nilivyoeleza kwa Cisco, kwa hiyo usishangae ujirani ukikatika kidogo na kurudi. Tazama kwa `/routing ospf neighbor print`, na ukiridhika bonyeza Ctrl+X tena kutoka hali salama. RouterOS 6 ina maneno tofauti: nenda `/routing ospf interface`, utumie authentication, authentication-key na authentication-key-id.

MD5 imezeeka

Ni kweli, na nisikufiche. Watafiti wa Uchina walionyesha mwaka 2004 jinsi ya kupata mafaili mawili tofauti yenye saini moja ya MD5. Hilo halimwezeshi mtu wa Kondele kughushi salamu za OSPF kesho asubuhi, kwa sababu hapa kuna nywila ndani ya hesabu, lakini ukiwa na ruta zinazoweza SHA, hesabu mpya zaidi ya saini, huna sababu ya kubaki nyuma. Kanuni za kutumia HMAC-SHA kwenye OSPF zilitoka mwaka 2009. Kwenye Cisco zenye IOS (mfumo wa ruta zao) ya karibuni:

    key chain KONDELE-MASENO
    key 1
    key-string NYWILA-YAKO
    cryptographic-algorithm hmac-sha-256
    exit
    exit
    interface GigabitEthernet0/1
    ip ospf authentication key-chain KONDELE-MASENO

MikroTik ya toleo la 7 utaiandikia `auth=sha256`. Kabla ya kuanza, jaribu kuandika amri hizo kwenye ruta zote mbili uone kama zinakubalika. Moja ikikataa, MD5 inabaki, na bado ni bora mara elfu kuliko mlango wazi.

Kubadilisha nywila bila kukata mtu

Fundi akiacha kazi, nywila ibadilike. Kwa MD5 ya Cisco hili ni tamu. Weka ufunguo namba 2 Kondele huku namba 1 ukiuacha:

    ip ospf message-digest-key 2 md5 NYWILA-MPYA

Kondele itaanza kutuma kila pakiti mara mbili, moja kwa kila ufunguo, kwa sababu inajua jirani bado yuko kwenye wa zamani. Ukiangalia `show ip ospf interface` itakuambia mabadiliko yanaendelea na jirani mmoja bado anatumia ufunguo namba 1. Nenda Maseno, weka namba 2. Ujumbe huo utatoweka wenyewe. Ndipo unafuta wa kwanza pande zote kwa `no ip ospf message-digest-key 1`. Usiuache ukikaa hapo "kwa dharura", kwa sababu ufunguo wa zamani ukiwa mezani, aliyeondoka bado anao.

Halafu kuna suala la kuzitunza. `service password-encryption` huficha nywila kwenye mipangilio, ila ni kificho cha aina ya 7 kinachofumbuliwa na programu ndogo za bure kwa nukta moja. Kinamzuia anayechungulia begani mwako, basi. Kwa hiyo ukiomba msaada kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, usibandike `show running-config` nzima. Futa mistari ya funguo kwanza.

Na porti zinazoelekea kwa wateja hazihitaji kusema OSPF hata kidogo. Zinyamazishe:

    router ospf 1
    passive-interface GigabitEthernet0/0

Mtandao wao utaendelea kutangazwa, lakini hakuna salamu itakayotoka wala kupokelewa hapo.

Ile ruta ya stoo niliifuta kwa `write erase`, nikaizima na kuiwasha kuhakikisha imeamka bila kumbukumbu. Kijana niliyemlaumu siku ile ndiye aliyeibandikia kipande cha utepe juu, akaandika kwa kalamu nyeusi: *Tupu. Unaweza kuwasha.*